Waliitwa "wapya" wakiwa na miaka 40: somo la Konono N°1 kwa redio za Mashariki

Mwaka 2006 redio ya BBC ya Uingereza ilitoa tuzo zake za muziki wa dunia. Tuzo ya wanamuziki wapya ilikwenda kwa kundi la Kinshasa linaloitwa Konono N°1. Huko Ulaya kuna waliopiga makofi wakidhani wamepata chipukizi. Kumbe kundi hilo lilianza mwaka 1966, na kiongozi wake, Mingiedi Mawangu, alikuwa tayari mzee. Muziki wake ulikuwa umechezesha watu wa Kinshasa kwenye matanga, ndoa na sherehe za mitaani tangu wengi wa mashabiki wake wa Ulaya hawajazaliwa. Sasa, huo upya ulikuwa upya kwa nani?

Swali hilo halihusu Kinshasa peke yake. Linafika mpaka Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri, ambako familia nyingi zimehama mara mbili, mara tatu, zikiwa na nyimbo ambazo hakuna redio iliyowahi kuzirekodi. Konono N°1 walirudi kusikika baada ya miaka mingi kwa sababu ambayo watu huisahau. Kabla ya umaarufu kulikuwa na mkanda, na pamoja na mkanda kulikuwa na jina. Bila vitu hivyo viwili hakuna mtu ambaye angekuja kuwatafuta.

Likembe na vipuri vya magari

Kwa wale ambao hawajausikia, muziki wa Konono N°1 umesimama juu ya likembe. Ni kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kwa asili sauti yake ni ndogo, inamtosha mtu aliye safarini au wachache waliokaa pamoja jioni. Mingiedi alikuwa Mzombo. Bazombo wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Congo na Angola, na wengi wao walihamia Kinshasa, wengine wakitafuta kazi, wengine wakikimbia vita vilivyoanza Angola mwaka 1961. Mjini, muziki wa kijiji ulikutana na magari, baa na makelele ya barabara. Likembe ikawa haisikiki.

Pesa ya kununua vyombo vya dukani haikuwepo. Kwa hiyo Mingiedi alichukua sumaku kutoka kwenye vipuri vya magari mabovu, akatengeneza maikro zake mwenyewe. Likembe tatu, moja ya sauti nzito, moja ya kati na moja nyembamba, zikaunganishwa kwenye umeme. Sauti ikatolewa kwa vipaza sauti vikubwa vya zamani, vile vilivyoitwa kwa Kifaransa "lance-voix", yaani vitupa sauti. Pembeni ya ngoma vikawekwa vyuma chakavu vya kugongwa. Vyombo hivyo vilikwaruza. Mkwaruzo huo haukupangwa na mtu, lakini wapigaji waliuzoea, mwisho wakaujenga ndani ya muziki wenyewe.

Ndiyo maana vijana wa Ulaya wanaocheza tekno walipousikia walidhani ni ndugu wa muziki wao wa mashine. Mdundo unarudi na kurudi bila kuchoka, sauti ni ya umeme, wimbo mmoja unaweza kuendelea kwa dakika nyingi mpaka mchezaji asahau saa. Tofauti ni kwamba huu haukutengenezwa kwenye kompyuta. Ulitengenezwa na watu waliohama, ili sauti ya kwao isimezwe na mji wa wengine.

Hapa inafaa kuwa makini. Wako wanaopenda kusifu umaskini, kana kwamba taabu ndiyo inayozaa muziki mzuri. Hiyo si kweli. Taabu imeua wanamuziki wengi kuliko iliowakuza. Mingiedi alifaulu kwa ufundi, kwa masikio yake na kwa kazi ya miaka. Angepewa maikro nzuri na mshahara, angepiga vizuri vilevile.

Miaka 22 kati ya mkanda na hodi

Mwaka 1978 Mfaransa mmoja, Bernard Treton, alirekodi makundi ya mjini Kinshasa, na Konono walikuwa mmojawapo. Rekodi hiyo ilipigwa kwenye redio ya Ufaransa, na katika miaka ya 1980 ikatolewa na Ocora, idara ya rekodi ya Radio France. Mbelgiji mmoja, Vincent Kenis, aliisikia redioni, na sauti ile haikumtoka kichwani. Alikuja Kinshasa kuwatafuta wenye muziki ule. Mpaka mwaka 2000 ndipo alipompata Mingiedi.

Hesabu ni rahisi: kutoka 1978 mpaka 2000 ni miaka 22. Ndani ya miaka hiyo nchi ilibadilisha jina kutoka Zaire kuwa Congo. Kinshasa iliporwa mwaka 1991 na tena mwaka 1993. Vita vikaanza Mashariki mwaka 1996, vikaanza tena mwaka 1998. Ni makundi mangapi ya muziki yalikufa katika kipindi hicho, hakuna daftari linalojua. Konono hawakupotea kabisa kwa sababu kulikuwa na mkanda wenye jina lao, umelala kwenye kabati la redio mbali na Kinshasa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 2004 ilitoka albamu yao Congotronics, kwa kampuni ya Ubelgiji ya Crammed Discs. Mwaka 2006 ikaja ile tuzo ya "wapya". Mwaka 2007 mwanamuziki Björk wa Iceland aliwashirikisha kwenye wimbo wake Earth Intruders. Mwaka 2008 albamu yao Live at Couleur Café ilikuwa kati ya zilizoteuliwa kuwania tuzo ya Grammy nchini Marekani. Mwaka 2011 wimbo ambao mpiga piano Herbie Hancock aliwashirikisha wao na wanamuziki wengine ulipata Grammy. Mingiedi alifariki mwaka 2015, lakini kundi halikuzikwa naye. Mwaka 2016 ilitoka albamu waliyopiga pamoja na Batida, mtengenezaji wa muziki wa Lisbon mwenye asili ya Angola. Mwaka 2022 ikatoka Where's the One?, kazi ambayo wanamuziki wa Congo na wenzao wa nchi nyingine walikuwa wameifanya kwa pamoja.

Kwa hiyo kusema kwamba Wazungu "waliwagundua" Konono ni kukosea. Familia zilizowaalika kwenye matanga ziliwajua muda wote. Lakini aibu moja inabaki, na haifai kufunikwa: mkanda uliookoa jina lao ulikuwa wa redio ya nchi nyingine. Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Congo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na nchi nzima ilifurahi, kwa haki. Rumba ilikuwa na santuri, ilikuwa na studio, ilikuwa na redio za kuipiga tangu zamani. Muziki wa kijiji uliohamia pembezoni mwa mji haukuwa na bahati hiyo.

Mashariki ya leo

Hali ya sasa Mashariki inajulikana na kila msikilizaji. Mwanzoni mwa 2025 kambi zilizouzunguka mji wa Goma zilivunjwa, watu wakatawanyika. Wako waliorudi vijijini wakakuta nyumba hazipo. Wako walioingia kwenye familia za kuwapokea, vyumba viwili watu kumi na watano. Wako waliovuka mpaka kwenda Uganda na Burundi.

Nyimbo nazo zinatawanyika hivyohivyo, na hilo halisemwi sana. Nyimbo nyingi za kazi, za ndoa na za matanga si za mtu mmoja. Zinahitaji anayeanzisha, wanaoitikia na anayejua mahali pa kuingiza ngoma. Kijiji kikivunjika, mwanzishaji anaweza kuwa Nakivale huko Uganda, waitikiaji wako Burundi, mpiga ngoma yuko Goma anasukuma chukudu atafute chakula cha watoto. Kila mmoja amebaki na kipande. Mzee anayejua vipande vyote akifariki, watoto hawatajua hata kwamba kulikuwa na kitu cha kutafuta.

Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Muziki wa wahami wa vita ni mali ya namna hiyo. Mbuzi walioporwa angalau wanahesabiwa kwenye ripoti. Nyumba zilizochomwa zinaandikwa. Nyimbo hazimo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Hapo ndipo redio za jamii zinapokuwa na deni. Redio ndiyo iliyomfikisha Kenis kwa Mingiedi, na Mashariki ya Congo redio zipo hata kwenye vijiji ambako barabara haifiki. Zina watangazaji wanaojua lugha za hapo. Zina vinasa sauti, na pale ambapo hakuna kinasa, kuna simu. Pamoja na hayo, saa nyingi za muziki kwenye redio hizo hujazwa na nyimbo zilizoshushwa kwenye intaneti, ambazo msikilizaji anazo tayari kwenye simu yake. Mama aliyeimba vizuri kuliko wote katika groupement yake anaishi mtaa wa pili kutoka studio, na hakuna aliyemwomba aimbe.

Majibu kwa wanaopinga

Wako watakaosema kwamba mtu aliyehama anahitaji unga, maharage, dawa na turubai, nyimbo zisubiri. Ni hoja nzito, na mtu ambaye hajalala na njaa hana ruhusa ya kuicheka. Lakini kurekodi wimbo hakupunguzi hata kikombe kimoja cha unga. Redio haigawi chakula, inagawa sauti, na hiyo ndiyo kazi inayoweza kuifanya leo. Tena, njaa haijawahi kuwazuia watu kuimba kwenye matanga. Wimbo upo tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kubonyeza kitufe.

Wengine watasema vijana hawataki likembe wala nyimbo za wazee, wanataka mdundo wa kucheza. Konono wenyewe ni jibu. Walikuwa wa kucheza tangu siku ya kwanza, na kwa sauti ya juu. Leo Kinshasa kuna kundi la KOKOKO! linalopiga vyombo vilivyotengenezwa kwa takataka za mjini pamoja na muziki wa elektroniki. Wametoa albamu Fongola mwaka 2019 na Butu mwaka 2024. Huko Kampala, mtengenezaji wa muziki Rey Sapienz, Mkongomani, alitoa mwaka 2021 albamu pamoja na kundi lake aliloliita Congo Techno Ensemble. Vijana wa Goma, Beni na Bunia wenye programu za kutengeneza midundo kwenye kompyuta wanaweza kufanya vivyo hivyo na sauti za bibi zao. Lakini lazima kwanza sauti hizo ziwepo mahali fulani. Mtu hawezi kuchanganya kitu ambacho hakikurekodiwa.

Wako pia watakaouliza: likembe ni ya Magharibi, Mashariki inahusika wapi? Chombo hicho nacho ni msafiri. Wakati wa ukoloni kilipanda na wabebaji na wafanyakazi kutoka pande za chini za mto Congo, kikafika mpaka kwa Waalur wa Mahagi na kuvuka kuingia Uganda. Na Mashariki ina vyombo vyake, kama lulanga ya Bashi. Jambo la kujiuliza ni lini mara ya mwisho kijana wa Bukavu aliisikia lulanga redioni.

Rekodi bila haki ni wizi

Kuna jambo moja ambalo redio zikilifanya vibaya, ni afadhali zisianze. Wimbo una mwenyewe. Congo ina sheria ya kulinda haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na ina shirika la kusimamia haki hizo, SOCODA. Wengi wa wahami hawajui kwamba sheria hiyo ipo, na wanaokuja na kamera hawana haraka ya kuwaambia. Wimbo wa mama mmoja unaweza kuwekwa nyuma ya video ya kuomba msaada, ukazunguka dunia, na jina lake lisionekane hata kwa herufi ndogo. Mtu huyo ametumika kama mapambo.

Konono walijulikana kwa jina, na jina ndilo lililomwezesha Mingiedi kusimama jukwaani mwenyewe badala ya kusikia sauti yake ikipigwa na wengine. Kwa hiyo kabla ya kurekodi, mwimbaji aambiwe sauti yake itakwenda wapi. Aulizwe kama anakubali ipigwe hewani, kama anakubali iwekwe kwenye intaneti, na kama kijana akitaka kuichanganya na mdundo, atafutwe kwanza. Pesa ikipatikana, sehemu yake ijulikane mapema, mbele ya mashahidi. Asiyejua kuandika asomewe kwa lugha yake.

Kuna na usalama. Mashariki ya leo, jina la mtu na jina la kijiji chake vinaweza kumletea matatizo. Redio inaweza kuandika jina kamili kwenye daftari, ikalifungia, na hewani ikasema tu "mama kutoka Masisi". Daftari litasubiri siku nzuri. Na nakala zisikae mahali pamoja. Vita vimepora redio kadhaa za jamii, na pamoja na mashine zilipotea sauti za miaka. Nakala moja ibaki studio, moja iwe kwenye flashi kwa mtu wa kuaminika katika mji mwingine, moja iwe kwenye intaneti bila kufunguliwa kwa wote.

Wote, bila kuchagua

Hatari ya mwisho ndiyo kubwa. Redio ya eneo lenye makabila mengi ikirekodi wazee wa upande mmoja tu, itakuwa imeongeza ukuta mwingine juu ya zile zilizopo. Mfano mzuri uko ndani ya mfululizo huohuo wa Congotronics. Kuna kundi linaitwa Kasai Allstars, lililokusanya wanamuziki wa makabila matano ya Kasai, kila mmoja na lugha yake, ngoma zake na namna yake ya kucheza. Wapo walioona kwamba muziki wao hauwezi kuchanganyika. Walikaa pamoja, kila mmoja akasikiliza mwenzake, wakapata njia. Sauti yao ilisikika hata kwenye filamu Félicité ya Alain Gomis, iliyopata tuzo kubwa ya majaji mjini Berlin mwaka 2017.

Hakuna anayesema muziki utanyamazisha bunduki. Amani Festival ilifanyika Goma tangu 2014, watu wakacheza pamoja, na vita vilirudi. Lakini Mnande anayesikia wimbo wa matanga wa Mhunde, au Mhutu anayesikia wimbo wa mavuno wa Mtembo, anasikia kwamba jirani naye amezika watu na amelima shamba. Redio isiyoweza kutoa hata hicho kidogo inatumia umeme bure.

Kinachoombwa hapa si mradi mkubwa wenye semina na posho. Ni saa moja kwa wiki, tuseme Jumapili alasiri wakati betri za redio za watu zimechajiwa. Ni mtangazaji mmoja mwenye simu na daftari, anayetembelea familia moja, anayeandika jina la mwimbaji, lugha, kijiji cha asili, kazi ya wimbo, aliyemfundisha na tarehe. Simu iwekwe karibu na mdomo, mbali na upepo na mbali na bafle. Wimbo uachwe uishe, hata ukiwa wa dakika ishirini. Ule wa Konono uliorekodiwa mwaka 1978 nao ulikuwa mrefu.

Na familia zenyewe zisisubiri redio. Mwenye mzee nyumbani, au bibi aliyekuja kujihifadhi kwa jirani, amwombe leo usiku wimbo mmoja, airekodi sauti yake, kisha mwanzoni au mwishoni mzee ataje jina lake kwa mdomo wake mwenyewe. Kesho asubuhi nakala moja itumwe kwa ndugu aliyeko mbali.